Sikuwa rubani, nilikuwa fundi: miaka 22 ya kuhudumia ndege za kivita

Kila ninapoketi barazani hapa Kibokoni, na mgeni akasikia kwamba nilitumikia Jeshi la Wanahewa, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Kwani wewe ulikuwa warusha ndege?" Nikijibu kuwa la, mimi nilikuwa fundi, mazungumzo hupoa. Muulizaji hurudi kwenye kikombe chake cha kahawa na habari za mpira huendelea.

Simlaumu mtu. Rubani huonekana. Fundi haonekani, na akionekana ni kwa sababu kuna jambo limeharibika. Lakini majuzi kijana mmoja wa mtaani, aliyemaliza kidato cha nne, alinijia nyumbani baada ya swala ya Alasiri kuniuliza hasa kazi ile ni kazi gani, maana yuataka kuomba nafasi. Nilikaa naye saa mbili. Nusu ya maswali yake sikuyasikia ikabidi ayarudie, na sababu ya hilo nitaieleza chini. Alipoondoka nikaona afadhali niyaandike yale niliyomwambia, yawafae na wengine.

Ndugu msomaji asitarajie siri za jeshi humu. Nitakayoyasema juu ya ndege yamo vitabuni kwa anayetaka kusoma. Yaliyobaki ni maisha yangu mwenyewe.

Mtoto wa kalafati

Marehemu babangu alikuwa kalafati. Vijana wa leo huenda hawalijui neno hilo. Kalafati ndiye aliyekuwa akiziba nyufa baina ya mbao za jahazi kwa pamba iliyolowa mafuta, akiishindilia kwa patasi na nyundo, mbao baada ya mbao, kabla chombo hakijapakwa shahamu na chokaa kikaingia majini. Nahodha ndiye aliyekuwa akipigiwa ngoma jahazi likirudi salama. Kalafati alilipwa ujira wake akaenda zake. Lakini pamba ikiachia katikati ya bahari, nahodha hodari vipi hamfai mtu kitu.

Nilijiunga na jeshi mwaka 1985, nikiwa na miaka 20. Siku hizo jina rasmi halikuwa Jeshi la Wanahewa la Kenya. Jeshi hilo lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964 pale Eastleigh, Nairobi, kwa msaada wa Waingereza. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilivunjwa na kupangwa upya chini ya jeshi la nchi kavu, likaitwa Jeshi la Anga la '82. Jina la zamani na mamlaka yake yalirudishwa mwaka 1994. Kwa hiyo mimi niliingia chini ya jina moja nikatoka chini ya jingine, na spana zilikuwa zile zile.

Baada ya ukuruta nilipelekwa chuo cha ufundi. Watu hudhani fundi wa ndege hufundishwa ndege nzima. Sivyo. Kazi imegawanywa. Kuna mafundi wa mwili wa ndege, yaani mabawa, mkia, magurudumu, breki na mabomba. Kuna wa injini. Kuna wa umeme na saa za chumba cha rubani. Kuna wa redio na rada. Kuna wa silaha. Na kuna wa vifaa vya kuokolea maisha, kama miavuli na oksijeni. Kila mmoja ana eneo lake, na haruhusiwi kugusa la mwenziwe. Mimi niliangukia mwili wa ndege. Nikamwandikia babangu barua kwamba nimekuwa kalafati wa chuma.

Ndege yenyewe

Nilihudumia ndege za aina zaidi ya moja, lakini miaka yangu mingi ilikwenda kwa F-5E, ambayo Wamarekani wa kampuni ya Northrop waliipa jina Tiger II. Kenya ilianza kuzipokea mwaka 1978, pamoja na ndugu yake F-5F yenye viti viwili. Makao yake ni Nanyuki, kambi ya Laikipia, chini ya Mlima Kenya. Kwa kijana aliyekulia joto la Mombasa, asubuhi ya kwanza ya Nanyuki ilikuwa kama kuadhibiwa. Spana ya chuma asubuhi ile ilikuwa baridi hata inauma mkononi.

F-5E ni ndege ndogo. Urefu wake ni mita 14 na nusu hivi, na kutoka ncha ya bawa moja hadi la pili ni mita 8 na kidogo. Ina injini mbili, na kila moja, rubani akiwasha moto wa nyuma, husukuma kwa nguvu ya pauni 5,000 hivi. Moto huo wa nyuma ni mafuta yanayomiminwa ndani ya bomba la kutolea moshi na kuwaka mara ya pili. Ndiyo ile sauti inayotikisa kifua cha mtu aliye mbali.

Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban moja ya sita. Injini hula hewa, na bawa hubebwa na hewa. Hewa ikipungua, ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka, hasa ikiwa imebeba mafuta mengi na jua limepanda. Wabunifu wa F-5E waliipa dawa moja ambayo huniburudisha hadi leo: mguu wa mbele hurefuka. Kabla ya kuanza mbio rubani hubonyeza swichi, pua ya ndege ikanyanyuka kama mbuzi anayetaka majani ya juu, na bawa likakamata hewa mapema zaidi. Mguu ule ulikuwa katika eneo langu. Ukivuja, au ukikataa kurefuka, nilikuwa wa kwanza kuulizwa.

Jambo jingine: ndege hii haijiwashi yenyewe kama gari. Huletewa mashine ya hewa iliyo juu ya magurudumu, bomba likaunganishwa tumboni mwa ndege, na hewa ile ikaizungusha injini mpaka ikashika moto. Kwa hiyo asubuhi, hata rubani awe na cheo gani, haendi popote mpaka vijana wa chini wamemwashia.

Siku ya kazi ilivyokuwa

Kazi ya fundi huanza gizani. Kabla ndege hairuki hukaguliwa. Ikitua na kutakiwa kuruka tena hukaguliwa. Siku ikiisha hukaguliwa. Mbali na hayo, kila inapotimiza saa fulani za kuruka huingizwa ndani ya banda, hufunguliwa vifuniko vyake kimoja kimoja, na kutazamwa mpaka mifupani.

Ukaguzi una njia yake. Unaanza upande wa pua, unaizunguka ndege mpaka unarudi ulipoanzia, na hukati njia. Mtu akikuita katikati, unapomaliza kuzungumza naye huendelei pale ulipofikia. Unarudi nyuma hatua kadhaa, au unaanza upya. Sajenti wetu alikuwa akisema kuwa ajali nyingi huanza kwa maneno "niliwacha wapi vile?"

Yapo mambo ambayo mtu wa nje hayafikirii. Kwanza ni mafuta ya kuendeshea viungo vya ndege, yaani haidroliki. Ndiyo yanayosukuma usukani wa mkia na kunyanyua miguu. Ndani ya F-5 yamo katika shinikizo la pauni 3,000 kwa kila inchi mraba. Gurudumu la gari lako lina thelathini na kitu. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano katika bomba lile hutoa uzi wa mafuta usioonekana kwa macho, na uzi huo hupenya ngozi ya mtu. Ndiyo maana tulifundishwa kutopapasa bomba kwa mkono kutafuta linapovuja. Unapitisha kipande cha katoni, na katoni ndiyo inayokuonyesha.

Pili ni oili ya injini. Wenzetu wa injini walikuwa wakichota kijichupa cha oili na kukipeleka maabara. Huko hupimwa vumbi la madini lililomo, dogo hata halionekani. Chuma kikizidi, au shaba ikizidi, wanajua ni sehemu gani ya ndani inayosagika, kabla injini haijalia wala kutoa moshi. Ni kama daktari anavyopima damu. Injini hueleza ugonjwa wake mapema kwa anayejua kuisikiliza.

Tatu ni kiti cha rubani. Kiti kile kina baruti ndani yake. Mambo yakiharibika angani, rubani huvuta mkono wake na kiti humrusha nje ya ndege pamoja na mwavuli. Kiti hicho hakijui tofauti ya rubani aliye hatarini na fundi aliyeingia kufuta vumbi. Ndege ikiwa chini, pini huchomekwa kukizuia, kila pini na utepe wake mwekundu. Mtu yeyote akipanda ngazi, kabla hajatia mguu ndani, huhesabu pini. Nilifanya hivyo maelfu ya mara. Mpaka leo nikiingia kwenye gari la mtu hutazama kwanza kiti ndipo nikae, na wanangu hunicheka.

Kitabu na sahihi

Lakini kama ungeniuliza chombo kikubwa kuliko vyote katika kazi ile, nisingekutajia spana. Ningekutajia kalamu.

Kila ndege ina kitabu chake. Kila kasoro huandikwa humo, na kila tengenezo huandikwa, na aliyefanya hutia sahihi. Kwa kazi nzito, mtu wa pili huja kukagua, naye hutia yake. Mwisho rubani husoma, hutia sahihi kwamba ameipokea ndege, kisha huondoka nayo. Kazi isiyoandikwa huhesabiwa kuwa haikufanywa, hata kama uliifanya mbele ya watu kumi.

Maana ya sahihi ile huijui mpaka ndege imeondoka. Imekwisha kunyanyuka, imekuwa nukta, na wewe umebaki kwenye lami na kitambaa mkononi ukijiuliza: ile nati ya kushoto niliikaza? Unajua uliikaza. Unakumbuka uliikaza. Lakini moyo hautulii mpaka usikie sauti ikirudi na uone kimwavuli kikifunguka nyuma ya mkia kuipunguzia mwendo.

Usiku wa kichwa cha bisibisi

Nimesema kalamu. Sasa niwape kisa ambacho kwa miaka mingi sikukisimulia, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Vifaa vya fundi wa ndege havikai ndani ya mfuko. Hukaa ubaoni, na nyuma ya kila kifaa umechorwa umbo lake kwa rangi. Ukichukua spana, umbo tupu hubaki likikutazama, na mahali pake unatundika kibati chenye nambari yako. Jioni, kabla ndege haijatangazwa kuwa tayari, ubao lazima ujae. Sababu ni kwamba kifaa kilichosahaulika ndani ya ndege huwa adui. Kinaweza kubana waya wa usukani. Kinaweza kuingia injini. Injini za F-5 huzunguka zaidi ya mara 16,000 kwa dakika, na kokoto moja tu likivutwa ndani huvunja panga moja, panga likavunja jenziwe, na injini ikaisha. Mwezi wa Machi 2023, huko kambi ya Luke katika jimbo la Arizona, tochi ya mkononi ilisahaulika kwenye mdomo wa injini ya F-35, ndege ya kisasa kabisa ya Wamarekani. Hasara ilikuwa takriban dola milioni 4. Hao wana kila chombo cha kisasa, na tochi moja iliwashinda.

Basi jioni moja, nikiwa koplo, nilirudisha vifaa vyangu na umbo moja likabaki tupu. Kilikuwa kichwa cha bisibisi, cha kubadilisha, chenye urefu wa kidole cha mwisho. Siku hiyo nilikuwa nimegusa ndege tatu. Mbili kati yao zilipangiwa kuruka alfajiri.

Nisiwadanganye kuwa sikuwaza kunyamaza. Niliwaza. Stoo kulikuwa na vingine kama kile, na rafiki yangu angenipa kimoja bila kuniuliza. Umbo lingejaa, tungekwenda kulala. Nilisimama mbele ya ubao dakika ambazo sijui idadi yake. Kisha nikamfuata sajenti nikamwambia.

Hakunitukana. Aliuliza maswali matatu: kifaa gani, ndege gani, mara ya mwisho ulikiona wapi. Kisha akasimamisha ndege zote tatu. Watu waliokuwa wamekwisha vua nguo za kazi walirudishwa. Tulifungua vifuniko, tukatoa kiti katika ndege moja, tukaingiza vioo na tochi kila pembe. Usiku kucha wenzangu walinipita bila kunisemesha. Saa tisa za usiku nilikuwa nimelala chali chini ya tumbo la ndege ya tatu, nikahisi kitu kigumu kinanichoma pajani. Kichwa cha bisibisi kilikuwa ndani ya ovaroli yangu mwenyewe. Mfuko ulikuwa umetoboka, nacho kimeteremka mpaka kwenye pindo.

Nilitamani ardhi inimeze. Watu ishirini walikuwa wamekesha kwa sababu ya tundu la mfukoni. Nilipomwonyesha sajenti, alikishika, akakitazama, akakirudisha ubaoni mwenyewe. Kisha akawakusanya watu wote, na nikajua sasa nakwenda kuumbuliwa. Alisema maneno ambayo nayakumbuka kama jana:

"Huyu angalinyamaza, ndege zote tatu zingaliruka na kurudi salama. Asingalijua mtu. Na mara ya pili angalinyamaza tena, kwa kuwa mara ya kwanza haikudhuru."

Kisha akanipa wiki mbili za kazi za ziada kwa kutoshona mfuko, na akatuambia twende tukaoge.

Nimefikiri juu ya maneno hayo maisha yangu yote. Ndege zisizo na kitu ndani zingeruka salama, hilo ni kweli. Ukimya wangu usingeua mtu usiku ule. Hatari yake ni kwamba ungenifundisha kuwa kunyamaza hakuna ubaya, na somo hilo mtu akilipata mara moja, huliendea tena. Tangu siku hiyo, nami nilipopanda cheo nikawa na vijana chini yangu, aliyekuja kukiri kosa sikumpigia kelele. Kelele ningeziweka kwa aliyeficha.

Chumvi, rafiki na adui yetu

Jambo moja nililijua kuliko wenzangu wa bara, nalo ni chumvi. Mwili wa ndege ni aluminiamu kwa sehemu kubwa. Chuma kikipata kutu hugeuka chekundu, kila mtu akaona. Aluminiamu hutoa unga mweupe, na mara nyingi huliwa kuanzia chini ya rangi au ndani ya maungio, mahali jicho halifiki. Sisi wa mwambao tumeona mabati, baiskeli na vyuma vya madirisha vikiliwa na upepo wa bahari. Mwenzangu aliyekulia mbali na bahari haamini kwamba upepo peke yake waweza kula chuma.

Ndege ikiteremka Pwani ikarudi, ilistahili kuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kila tundu, kisha ikaushwe na kupakwa mafuta ya kinga. Wenzangu walikuwa wakinitania, "Mswahili anaosha ndege kama aiandaa harusi." Lakini nilipokuwa nikifungua kifuniko na kukuta unga mweupe, hawakucheka. Niliwaambia babangu aliwahi kunionyesha misumari ya jahazi iliyoliwa mpaka ikabaki kama mwiba wa samaki, na mbao za nje zikiwa nzuri.

Masikio

Sasa lile nililoahidi. Nimepoteza sehemu kubwa ya usikivu wangu, na daktari aliniambia hautarudi.

Tulipewa vifuniko vya masikio. Havikukosekana. Lakini nilikuwa kijana, na kijana huona kinga ni ya waoga. Mara nyingi nilikivuta kimoja nyuma ya sikio ili nimsikie mwenzangu, au nilivivua kwa kuwa vilikuwa vikinitoa jasho, huku injini mbili zinaunguruma hatua chache kutoka kichwani pangu. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huvilaza, na vikifa havioti tena. Havikupi maumivu wala onyo. Jioni ile masikio hulia kidogo, asubuhi yamenyamaza, na wewe wadhani umepona.

Sauti za kwanza kupotea ni zile nyembamba. Ndege wa angani walinyamaza kabla ya watu. Kisha sauti za watoto. Nina mjukuu wa kike wa miaka minne, ana maneno mengi kama kasuku. Hunieleza hadithi ndefu, nami hutazama midomo yake na kutikisa kichwa. Juzi alimwambia mamake, "Babu hucheka mahali si pa kucheka." Vijana mnaofanya kazi na jenereta, mashine za kusagia na za kukatia chuma, na nyinyi mnaofunga spika kubwa ndani ya matatu, lichukueni neno hilo la mjukuu wangu.

Swali la mwaka 2011

Kuna jambo jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, na sitaki kulikwepa.

Nilistaafu mwaka 2007. Mwezi wa Oktoba 2011 majeshi yetu yaliingia Somalia katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na ndege za jeshi letu, F-5 zikiwamo, zilishiriki. Wanaojua historia ya mwambao wanajua kwamba mpaka ule ulichorwa juu ya watu. Wabajuni wako pande zote mbili, kuanzia huku kwetu Lamu na Kiunga mpaka visiwani na Kismayu, na Barawa wako watu wanaosema Chimini, lugha ya ndugu na hii niandikayo. Mamangu ni Mbajuni. Ndugu zake wengine walikuwa upande wa pili.

Nilikuwa nimeketi baraza hii hii redio ilipotangaza habari za ndege. Mamangu alitoka mlangoni akaniuliza: "Ni zile zako?" Nilimwambia ndizo. Hakusema neno. Akarudi ndani.

Nimesikia mafundi wenzangu wakisema kuwa sisi hukaza nati tu, anayeamua ndege iende wapi ni mwingine. Maneno hayo ni kweli, na nimeyatumia mwenyewe. Lakini hayakunitosha usiku ule. Nilijua pia kwa nini majeshi yalikwenda: watu walikuwa wametekwa na kuuawa katika kaunti yetu wenyewe, na kazi za watu wa Lamu zilikuwa zimekufa. Mambo yote mawili yalikuwa ndani ya kifua kimoja. Sina jawabu la kumridhisha kila mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba miaka 22 nilipotia sahihi, nilimfikiria kijana aliye kitini na mamake anayemngoja. Kwamba chini ya ndege mna mama wa mtu mwingine, hilo nilianza kulifikiria nikiwa nimechelewa. Kijana anayetaka kazi hii afadhali alifikirie kabla hajavaa sare.

Kwa anayetaka kuingia

Yule kijana aliuliza, basi nifanye nini? Nilimjibu hivi.

Soma hesabu na fizikia. Fundi wa ndege husoma kuliko anavyogonga. Kila kazi ina kitabu cha maelekezo, na hata kama umeifanya mara mia, unakifungua mbele yako na kufuata mstari kwa mstari. Anayejisifu kuwa ameyahifadhi yote kichwani ndiye anayeogopwa.

Usajili wa jeshi haulipiwi. Anayekuomba pesa akuingize ni mwizi, hata akiwa amevaa tai.

Jua mapema kwamba ukitoka jeshini, ujuzi wako haukupi moja kwa moja kazi katika ndege za abiria. Huko kuna leseni za kiraia na mitihani yake. Ianze ungali na nguvu. Wenzangu wengi walisubiri siku ya kustaafu, wakajikuta na miaka ishirini ya ujuzi mikononi na hakuna karatasi ya kuuthibitisha. Mimi mmoja wao. Ndiyo maana niliporudi Mombasa nilifungua kibanda cha kutengeneza mashine za maboti, na sijutii.

Katika kibanda kile niligundua kuwa mengi ya Nanyuki hufaa popote. Nina ubao ukutani wenye maumbo ya vifaa, na watu hudhani ni pambo. Nina daftari ambamo kila mashine inayoingia huandikwa kasoro yake, nilichofanya, na tarehe. Mvuvi mmoja alinikasirikia siku moja nilipokataa kumpa mashine yake jioni, kwa kuwa sikuwa nimeikagua mara ya pili. Kusi ilikuwa ikivuma. Alisema, "Wewe ami wafanya kama hii ni ndege." Nikamwambia, ndege ikizimika rubani ana kiti cha kumrusha na mwavuli wa kumshusha. Wewe mashine ikikuzimikia nje ya mwamba, una nini?

Alinyamaza kidogo, akaketi akasubiri. Nikaifungua upya, nikakuta mpira wa mafuta umepasuka upande wa chini, mpasuko mdogo wa kucha. Nikaubadilisha, nikaandika daftarini, nikatia sahihi yangu. Kesho yake alasiri alinipitishia changu mbili. Hakueleza ni za nini, nami sikuuliza.